Ushahidi wa Ua la Bondeni

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, mbele ya benchi la kahawa: bonde la nyuma ya soko litajazwa kifusi kwa kuwa "limeota magugu tupu." Fundi Viatu alilisoma mara tatu, kila mara akichemka upya. Nyumba yake ilikuwa chini ya bonde; likijazwa, maji ya mvua yangehamia chumbani kwake. Aliandika kupinga, akataja lile ua la rangi ya waridi linaloota kwenye tope. Ofisi ya manispaa ikajibu kwamba mtaalamu atakuja leo kulitambua. Basi tangu alfajiri wanywaji wa benchi walishaingia bondeni kuchuma, na sasa wamerudi kwenye kahawa, kila mtu na ushahidi wake.

— Magugu! — Fundi alifoka, akitua shada lake. — Gugu ni huyo aliyeandika!

— Taratibu, mwanangu, — alisema Mama Kahawa, akimimina. Maua yake aliyachomeka kwenye kopo. — Hilo yungiyungi.

— Yungiyungi gani lina shina la pembe nne, mama? — Kinyozi alidakia. — Hii dawa ya mba. Nimefyeka upande wote wa huku wa mfereji wa bondeni, nikamsugua mteja.

— Akapona?

— Hajarudi. Kimya kingi kina mshindo.

Walicheka wote isipokuwa Fundi.

— Mnacheka? Mimi nitalala na vyura!

— Hamjui kitu, — alisema Kamusi, karani mstaafu, akifunua kapu. — Ua hili walilipanda wapima ardhi wa zamani kuficha mpaka. Petali sita, sawa na herufi za jina la mkubwa wao. Nimemaliza ng'ambo ya mfereji: nimeng'oa arobaini na moja, na mizizi yake. Haba na haba hujaza kibaba!

— Langu lina tano.

— Umelivunja, we Kinyozi!

Msichana mwenye mabuti ya mpira akasimama mbele yao, daftari kwapani.

— Shikamooni. Nimetumwa na ofisi kuhusu ua.

— Marahaba, binti! Tazama mwenyewe! — Fundi alimsukumia mashada yote. — Haya ndiyo magugu?

Msichana alichutama. Akahesabu petali, akapapasa shina, macho yakamng'aa.

— Hili sijaliona kokote mjini. Linatosha kabisa kuzuia kifusi. Ila lazima nilipige picha likiwa limeota. Yaliyobaki yako upande gani?

Fundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Kamusi. Kamusi akalifunika kapu lake, polepole.