Mama Magunzi: Scola Modestus Minani, 1971–2025

Marehemu Scola alizaliwa tarehe 12 Mei 1971 Kirushya, wilayani Ngara, mtoto wa pili wa hayati Mzee Modestus Minani na Mama Ernesta. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kirushya, kisha sekondari Rulenge, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1989. Masista waliomfundisha walisema msichana huyu akishika jambo haliachii. Walisema kweli, na tulioishi naye tumelijua hilo kwa raha na kwa karaha.

Mwaka 1992, baada ya chuo cha kilimo, aliajiriwa kuwa bibi shamba wilayani Biharamulo. Huko akakutana na Mashimba Ndassa, mfugaji ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga. Walifunga ndoa tarehe 24 Agosti 1996, wakajaliwa watoto watatu.

Kilichomnyima usingizi Scola kilikuwa lambo la kijiji. Wakulima wa pamba waliosha humo pampu zao za dawa ya wadudu, na maji hayohayo yakanywewa. Alikataza, alisihi, aligombana. Mvua ikinyesha, dawa ilishuka tena kutoka mashambani, na kuchemsha maji hakukuiondoa. Mwaka 2014 akaamua kutengeneza kaboni amilifu, yaani mkaa unaochomwa ndani ya pipa lisiloingiza hewa, kisha ukapitishiwa mvuke ukiwa bado mwekundu, ili unase dawa iliyomo majini. Miti hakutaka kuigusa. "Msitu umeshaisha kwa mkaa wa kupikia," alisema, "na mimi nikate tena?"

Basi akakimbilia mabaki ya mimea aliyoyajua tangu utotoni. Alikwenda Kirushya na pikapu, akazoa majani makavu na magogo ya migomba shambani kwa mama yake mpaka udongo ukabaki mtupu. Lo! Msimu uliofuata ndizi zilitoka nyembamba kama vidole vya mtoto. Mama Ernesta akapiga simu: "Scola, bibi shamba ndiye wewe? Nani alikufundisha kuivua migomba nguo?" Mhangaza gani wa Ngara asiyejua kwamba majani hayo ndiyo chakula cha mgomba! Scola aliona haya mno. Akapakia lori zima la samadi ya ng'ombe wa Mashimba, akaipeleka Ngara na kuitandaza mwenyewe. Tangu hapo alitumia magunzi ya mahindi, ambayo Biharamulo yalikuwa yakichomwa ovyo mashambani, na watu wakambatiza Mama Magunzi. Moshi wa pipa ulipowakera majirani, aliufungia bomba la kuurudisha motoni uungue humohumo.

Chujio la kaboni hiyo lilifungwa kwenye tangi la kijiji linalopokea maji ya lambo mwaka 2017, na vipimo vikaonyesha dawa imepungua sana. Mama mkwe wake, Bibi Kwandu, alikataa katakata: "Maji yaliyopita kwenye mkaa, mimi? Thubutu!" Scola hakubishana. Kila asubuhi alipiga goti, "Shikamoo mama," akamwekea ndoo mlangoni. Maji ya ndoo hiyo yakanywewa na ndama.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Mwanza. Hofu yake kubwa ilikuwa chujio kusahauliwa, maana kaboni ikishajaa dawa haisafishi tena, na kwa macho hujui. Kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kwanza, "Kaboni mmebadilisha?" Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Zamu ya kubadilisha kaboni ikaangukia jana, katikati ya msiba. Kwa desturi yetu hakuna anayeshika kazi marehemu akiwa hajazikwa, na kamati ya maji ilikubali kuahirisha. Aliyeinuka ni Bibi Kwandu. Akajifunga kanga kiunoni: "Mkwe wangu amelala ndani, na ninyi mnataka wageni wake wanywe sumu? Leteni hayo magunia ya kaboni!" Alisimama pale tangini akilia kwa sauti mpaka kazi ikaisha. Kisha akaomba kikombe, akanywa.

Marehemu ameacha mume, Mashimba. Watoto Teddy, Derick na Juvenali. Mama mzazi, Ernesta. Mama mkwe, Kwandu. Na wajukuu wawili. Mungu ampe pumziko jema. Maji yapo tangini, karibuni mnywe kabla hatujaelekea kaburini.