Mwezi Huu, Mwalimu: Miaka 33 ya Katekista Bartholomayo Ufukweni Lundo

Tumsifu Yesu Kristo.

Dominika ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025, Mwalimu Bartholomayo Kapinga anastaafu ukatekista katika kigango chetu cha ufukweni hapa Lundo, baada ya miaka thelathini na mitatu. Mimi nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minne. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengine nimeyaona, mengine nimesimuliwa na waliokuwepo, na mengine amenisimulia mwenyewe huku akijicheka.

Mwalimu ni mtoto wa Litembo, wa mlimani kwenye kahawa na mahindi. Alishuka kwetu Februari 1992 na mkewe Mama Ottilia, sanduku la bati, na hofu ya maji ambayo hakuitaja kwenye barua ya maombi ya kazi. Mara ya kwanza kupanda mtumbwi kwenda kusali na mgonjwa kijiji cha jirani, alishika kingo zote mbili, akawa hana mkono wa kushikia rozari. Wapiga makasia wanasema alimaliza matendo yote ya uchungu kabla mtumbwi haujaacha mchanga.

Sasa nije kwenye siku ambayo sisi wa Lundo hatuisahau. Ilikuwa Dominika ya Tatu ya Pasaka, mwaka huohuo. Padre hakuwepo, Mwalimu akaongoza Ibada ya Neno. Injili ilikuwa ile ya mitume waliovua usiku kucha wasipate kitu, hadi asubuhi wakamwona Bwana mfufuka amesimama ufukweni, ameshawasha makaa na samaki wako juu yake. Mwalimu akauliza waamini kwa nini mitume hawakupata kitu. Alitaka tujibu kwamba walikosa imani. Mahubiri yake yote aliyajenga hapo. Kutoka benchi la mwisho karibu na mlango, ikatoka sauti nzito:

"Mbalamwezi, Mwalimu."

Kanisa zima likacheka. Aliyejibu alikuwa Mzee Hamphrey, mvuvi ambaye hakuwa amebatizwa, ila kila Jumapili alimsindikiza mkewe Asteria na kukaa palepale mlangoni. Na kwa mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, jibu lilikuwa sahihi kabisa. Pasaka huja na mwezi mpevu. Siku zinazofuata ziwa bado linang'aa, na usipa hawaifuati taa ya mvuvi wakati mbingu nzima ni taa. Mwalimu mwingine angekasirika. Huyu alifunga daftari la mahubiri, akashuka akakaa benchi la mwisho, akaomba aelezwe.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi yake kubwa. Mafundisho ya ubatizo yalikuwa kila Jumapili, na wavuvi walikuwa wanashindwa. Wiki za giza wanavua usiku, Jumapili wanasinzia au hawaonekani, mwisho majina yanakatwa. Mwalimu akageuza ratiba. Wiki za giza aliwaacha walale. Mwezi ukipevuka na nyavu zikianikwa, darasa likawa kila siku alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye kibanda cha kutengenezea nyavu. Watu waliliita darasa la mwezi. Wavuvi mia moja na kumi na wawili wamebatizwa kupitia kibanda kile, na wengine leo ni viongozi wa jumuiya.

Lakini Mzee Hamphrey mwenyewe, aliyetufundisha habari ya mwezi, hakuingia. Kila akikaribishwa alijibu, "Mwezi ujao, Mwalimu." Kama alimaanisha mwezi wa kalenda au mwezi wa angani, hatukujua, na nadhani hata yeye hakujua. Mwalimu hakumsukuma. Alimsalimu, akaulizia nyavu, akaenda zake. Asteria aliendelea kusali, miaka ikaenda.

Mwaka 2023 Asteria aliugua moyo, akapelekwa hospitali Litembo. Mwalimu alipanda nao. Tadea, dada yake Mwalimu aliye kulekule, alipika uji na kuupeleka wodini wiki tatu. Mwalimu anasema siku zote hizo hakumtajia mzee habari ya ubatizo. Walizungumza kahawa na bei ya usipa. Siku ya kuruhusiwa, wakiwa njiani kushuka, Mzee Hamphrey alimgeukia akasema, "Mwezi huu, Mwalimu." Mwezi ulipopevuka, akaingia darasani kibandani.

Mwalimu alitakiwa kustaafu Desemba iliyopita. Aliomba aongezewe Pasaka moja tu, na sababu mmeshaielewa.

Jumamosi kabla ya Matawi palitokea kizuizi. Paroko wetu, ambaye ni mgeni hapa na ana moyo mzuri, alipitia rejista ya mahudhurio ya mafundisho akakuta Jumapili nyingi mbele ya jina la Mzee Hamphrey ziko tupu, maana darasa la mwezi si la Jumapili. Kanuni ni kanuni. Akasema labda asubiri mwaka mmoja zaidi. Mzee ana miaka sabini na minne, na moyo wa Asteria sote tunaujua. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho.

Mwalimu, ambaye hapandishi sauti isipokuwa anapoanzisha Aleluya juu mno hadi kwaya inamkimbia, alisema taratibu, "Padre, Pasaka yenyewe inafuata mwezi. Huyu mzee naye ameufuata. Muulize mwenyewe."

Mzee, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kama kawaida yake, akasimama, kofia mkononi. Sala ya Nasadiki aliisali vizuri hadi kwa Ponsyo Pilato, akakwama. Akasema jina la yule mtawala limemtoka, ila alichofanya anakijua. Paroko akatabasamu, akamwuliza kwa nini anamtaka Kristo sasa hivi, si mwakani.

"Kwa sababu nimemwambia mwezi ujao miaka thelathini, Baba, na hajaondoka ufukweni."

Paroko akachukua kalamu, na ndani ya kila kisanduku kitupu akachora mwezi mdogo. Rejista hiyo ipo, anayetaka kuiona anione.

Mzee Hamphrey alibatizwa Mkesha wa Pasaka, Asteria akiwa benchi la mbele na kitenge kipya. Mwalimu alifuta macho mara nyingi, akadai ni moshi wa ubani. Tarehe 4 Mei, Dominika ya Tatu, ilisomwa Injili ileile. Mwalimu akauliza swali lake la mwaka 1992, na kanisa zima hadi watoto wa Komunyo ya Kwanza wakapaza sauti, "Mbalamwezi!" Baada ya Misa Mzee alituita ufukweni. Alikuwa ameshawasha makaa, na samaki wawili wakubwa aina ya mbasa walikuwa juu yake.

Mwalimu, asante. Umetufundisha kusali, na hukuona haya kufundishwa nasi. Mama Ottilia, asante kwa kutuachia mume wako kila Jumapili na kila mwezi mpevu. Wageni wetu wa kiserikali na madhehebu jirani nao wanaungana nasi kushukuru.

Mizigo imefungwa, na kahawa ya Litembo inamsubiri mwenyewe. Wiki iliyopita nilimwuliza lori lije lini. Aliangalia ziwa, akanijibu, "Mwezi ujao, Devotha."

Basi Mwalimu, mwezi wowote utakaopanda, panda kwa amani ya Mfufuka, ukaishi siku nyingi na njema. Na jioni ukiona mbalamwezi imeangukia kahawa yako, ujue huku nyavu zimeanikwa, na darasa lako la alasiri lilikuwa na watu.

Devotha Haule, Katekista Msaidizi