Kituo cha Kaka Yake

Muuguzi, akitoka zamu ya asubuhi, alikuwa ameegemea dirisha la basi aliposikia seremala wa kiti cha mbele akimwambia mama mmoja asiyemjua, "Miaka saba, mama! Kila nikipiga magoti, Mungu ananiambia neno lile lile: nenda kwa kaka yako ukamwombe radhi. Napanda basi hili, nikifika kituoni kwake miguu inagoma." Muuguzi akatabasamu, kwani wagonjwa wake nao kila siku huapa kuacha sigara kesho.

"Unasali sana, mwanangu," mama akasema taratibu. "Ila kutii ni kushuka."

"Nitashuka wiki ijayo."

"Wiki ijayo lile lango la kijani litakuwa wazi, na ua umejaa watu."

Seremala akamgeukia. "Sijakwambia lango lake ni la kijani."

Mama akatazama nje, kituo cha yule kaka kikikaribia. Basi likasimama. "Nani kabonyeza kengele?" dereva akauliza. Abiria wakatazamana; hakuna aliyekuwa ameigusa. Mlango ukafunguka, na muuguzi akajikuta anaomba kimoyomoyo.

Seremala alisimama mlangoni, mkono bado umeng'ang'ania kiti. "Mama, kaka yangu yu mzima?"

"Shuka kwanza," mama akasema, "ndipo uulize."