Pandikizi Niliyemtafuta Kundini

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Naomba mnivumilie.

Kosa langu nililifanya siku ileile niliyopewa uongozi wa kundi la mashabiki wa timu yetu ya mpira kwenye simu. Wenzangu hapa Biharamulo walinichagua kwa sababu natengeneza mabango ya mechi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Mimi nikadhani nimechaguliwa kuwa mlinzi. Nikawagawa wanakundi kichwani mwangu: wa kweli na wa kutiliwa shaka. Upande wa wa kweli nilibaki peke yangu.

Ndugu zangu, kushuku ni kazi ya kutwa! Redio ya hapa wilayani ikitaja timu yetu baada ya wapinzani, niliandika, "Mmeona? Wameshanunuliwa." Gazeti likiweka picha ya mshambuliaji wetu akiwa ameanguka, niliuliza kwa nini hawakuweka ile aliyosimama. Mwanakundi akichelewa kucheka utani wangu, nilimtia alama. Akicheka haraka mno, alama pia. Namba ya siri ya simu yangu niliibadilisha kila asubuhi, hadi nikajifungia nje mwenyewe. Hata mchungaji wetu, anisamehe maana yupo hapa, nilikataa kuombewa naye kwa sababu tai yake ilikuwa na rangi ya wapinzani.

Kisha mambo yetu yakaanza kuvuja kweli. Tulichoandika asubuhi, mchana wapinzani walikuwa wanatuimbia stendi. Nikasema, tuna pandikizi, mtu wa wapinzani aliyepenyezwa kati yetu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Hamisi. Wazee wake walikuja kutoka pwani kwa biashara, na yeye anauza vifaa vya simu karibu na soko. Nilipotoka kijijini Nyantakara sina simu, ndiye aliyenipa yake ya zamani, akaniacha nikae kwenye benchi la duka lake nijifunze. Lakini Hamisi aliwauzia wapinzani makava yenye nembo ya timu yao. Kwangu huo ulikuwa ushahidi! Nilipomuuliza, alicheka.

"Mdogo wangu, nauza na makava ya maua. Nimekuwa ua?"

Nikatega mtego. Watu watatu niliowashuku zaidi niliwatumia ujumbe wa siri, kila mmoja na uongo wake. Wa kwanza nilimwambia kipa anaumwa meno. Wa pili, kwamba jezi mpya zimechelewa. Hamisi nilimwandikia kwamba nahodha wetu amegoma kufanya mazoezi. Kesho yake, kwenye kipindi cha michezo, mtangazaji wa redio akasema kuna minong'ono kwamba nahodha wetu amegoma!

Niliruka, ndugu zangu. Nikamtoa Hamisi kundini mbele ya wote. Nikaandika kwamba ni pandikizi, kwamba redio inamlipa, na kwamba shabiki wa kweli asinunue hata chaja kwake. Papo hapo nikailaumu redio kwa kututungia uongo. Uongo ule niliutunga mimi, kwa vidole hivi!

Watu walinisikiliza. Hilo ndilo linaloniumiza. Benchi lile likabaki tupu. Dereva mmoja wa malori ya mpakani Rusumo, ambaye hakuwahi kupita mjini bila kusimama kwa Hamisi, sasa alipiga honi tu akapita. Nikasikia Hamisi ameanza kupanga bidhaa kwenye maboksi, anahama.

Na mambo yetu bado yalivuja! Hamisi hayupo kundini, lakini stendi wanaimba vilevile. Nikajiambia ameacha wenzake ndani. Nikawatoa wengine.

Siku moja nilikwenda kuchapa bango steshenari kwa Mama Neema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi yale mazungumzo yenu huwa unatuachia makusudi?"

"Mazungumzo gani?"

Akanigeuzia kompyuta. Kundi letu lote lilikuwa wazi pale, na jumbe zangu za siri pia. Huko nyuma niliunganisha simu yangu na kompyuta ile ili nihamishe picha, nikarekebisha bango mpaka kila mtu akachoka, kisha nikaondoka bila kujitoa.

"Wateja wakisubiri kopi wanasoma," akasema. "Mdogo wangu, shabiki wa wapinzani wenu, ndiye hajizuii. Ile ya nahodha alicheka mpaka akapiga simu redioni. Mimi nilidhani ni matangazo."

Kumbe aliyevujisha ni mimi!

Hakuna mwanakundi aliyejua. Ningeweza kujitoa kwenye kompyuta na kunyamaza, Hamisi aondoke na aibu yangu. Nawaambia kweli, nilitaka. Nikamshuku hata Mama Neema kwamba ametumwa! Hapo ndipo nilipojiogopa. Nikasimama nyuma ya steshenari nikasema, "Bwana Yesu, nitoe humu. Peke yangu siwezi." Sikuona mwanga wowote. Nilipata tu nguvu ya kurekodi sauti yangu.

Nikarekodi, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta, kwa sababu nilichanganya l na r, kama kawaida yangu nikiogopa, na nilitaka iwe safi. Mwishowe nikaona kwamba nikingoja iwe safi, Hamisi atakuwa ameshapanda basi. Nikatuma kundini na kwa Hamisi ile yenye makosa, na jogoo akiwika katikati. Nikapiga simu redioni, nikasema uongo ule ni wangu. Kisha nikaenda dukani.

Hamisi alikuwa anafunga boksi. Nikapiga magoti. Hakunitazama.

"Jogoo wa nani yule?"

"Wa Mama Neema."

"Kaongea vizuri kuliko wewe." Akasogeza sahani yake ya wali na maharage. "Kaa kwenye benchi. Pandikizi naye hula mchana."

Nililia na maharage mdomoni, ndugu zangu!

Kama uko hapa na kazi yako ni kuchunguza nani anakuchimba, mpe Bwana mzigo huo leo. Halafu nenda kwa uliyemtuhumu, usingoje maneno mazuri. Namshukuru Mungu, nawashukuru nyote, na mniombee, maana redio ikianza kipindi cha michezo shaka bado hunibishia hodi.

Hamisi hakuhama. Yeye ndiye kiongozi wa kundi sasa, na wote niliowatoa amewarudisha. Mimi natengeneza mabango tu. Namba ya siri ya simu yangu haijabadilika tangu siku ile, na Hamisi anaijua.