Jiwe la Apolinaria

Ndugu waombolezaji, nanyi mliotoka mbali, Tura na Usinge, familia imenituma mimi, Nikolaus, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Ostap Melnik, ambaye wengi wenu mlimwita Mlingoti, naye akaitika bila kinyongo, kwani hakuna mlango Tabora hii ambao haukumgonga kichwa.

Ostap alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1912, kijijini karibu na Ternopil, nchi ya Waukraina, akiwa kifungua mimba wa msaga nafaka, akasoma hukohuko hadi mwaka 1929, kisha akahamia mji wa Lviv, ambako klabu ya kiwanda kimoja ilimlipa mshahara kwa kazi ya kucheza mpira wa kikapu, jambo ambalo baba mkwe wake alipolisikia alicheka hadi machozi, mtu mzima kulipwa kwa kurusha mpira.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, alikamatwa na askari wa Kirusi pamoja na mdogo wake, Danilo, wakapelekwa kufungwa kwenye nchi ya barafu, na walipoachiwa mwaka 1942, wakisafiri kuelekea kusini, Danilo alifia ndani ya behewa, maiti yake ikashushwa kando ya reli, na treni ikaondoka kabla kaka yake hajapata hata kumfunika.

Aliletwa Tanganyika pamoja na wakimbizi wa Kipolandi, kwani kabla ya vita kwao kulitawaliwa na Wapolandi, akaishi kambini, hadi tarehe 3 Februari 1948 alipoajiriwa hapa kuwa kocha msaidizi wa timu ya shule ya misheni, chini ya Padre aliyeipenda timu kupita kiasi ila sheria za mchezo zikampiga chenga. Tarehe 22 Oktoba 1949 alifunga ndoa na Apolinaria wa Itetemia, wakajaliwa Raymundi, mwaka 1951, na Josepha, mwaka 1954.

Mwaka 1955 uwanja mpya ulichongwa juu ya njia ya zamani ya misafara, na vijana, kwa haraka ya kuusawazisha, walibomoa rundo la mawe lililokuwapo, wakayafukia mashimoni. Tangu hapo mpira uliotoka nje upande wa machaka ulirudi wenyewe, mchana kweupe, pasi safi ya kifuani, na machakani hapakuwa na mtu. Vijana walitimua mbio, Ostap akabaki ameduwaa, kwa maana ndivyo Danilo alivyokuwa akimrudishia mpira uani kwao.

Bi Mwanne, muuza maandazi, ambaye babu yake alikuwa mpagazi, ndiye aliyewafumbua macho. "Wanangu, pale aliachwa mpagazi aliyefia njiani," alisema, "na kila mpita njia alimwekea jiwe, akimwambia, baki hapa, usinifuate. Sasa mmemwamsha."

Ostap aliyafukua mawe, akalijenga rundo upya, ikawa hakuna mchezaji kugusa mpira kabla ya kuweka jiwe, na mpira ukaacha kurudi. Yeye peke yake hakuweka. Apolinaria alipomuuliza, alijibu kwamba hawezi kumwambia mdogo wake, mara ya pili, abaki njiani, na mama wa watu akaingiwa na hofu ambayo haikumtoka tena, kwamba asiyeambiwa abaki atamfuata mumewe, na siku moja ataondoka naye.

Mwezi Machi 1958 Ostap alianza kuugua figo. Siku za mwisho aliuliza mara kwa mara nani anadundisha mpira uani, na Apolinaria akichungulia dirishani haoni mtu, ila kuku walikuwa wamejitenga pembeni, wameacha nafasi katikati. Asubuhi ya tarehe 19 Agosti 1958 alifungua viganja vyote viwili mbele ya kifua, kama anayepokea, akavifumba, akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, Bi Mwanne, walimu na wachezaji wake, pamoja na Padre aliyekubali alale hapa, kando ya uwanja.

Kaburi likishafukiwa, kila mmoja wetu ataweka jiwe. Tunaomba msimshangae Apolinaria. La kwake analo mkononi, na amesema atarudi nalo nyumbani.

Pumzika, Ostap, kwa amani. Sisi tunakuambia ubaki, mkeo hajakuambia.