Jezi Namba Moja ya Mathieu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo hapo nyumbani. Leo tunamkumbuka Papa Onesphore wa mtaa wa Nyamianda, hapa Uvira, aliyefariki Jumatatu baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hakuwahi kufunga bao hata moja. Alikuwa mtunza jezi wa timu ya mtaa wetu. Alizifua ziwani, alizishona zilipochanika, alizikunja. Mtunza jezi, wasikilizaji. Kazi hiyo tu, na kazi hiyo ilimvunja mkono.

Wazee wa mpira wanaikumbuka desturi ya timu ile. Mchezaji akifa, anazikwa na jezi yake. Jezi ya marehemu haivaliwi na mtu mwingine. Papa Onesphore ndiye aliyeipeleka matangani, kila mara, kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa turudi mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo. Golikipa wetu, Mathieu, alipigwa risasi akiwa shambani kwao Luvungi. Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyetuletea habari: maziko ni kesho. Na jezi namba moja ilikuwa hapa Uvira, nyumbani kwa Papa Onesphore.

Asubuhi, kabla Papa Onesphore hajafunga mfuko, akaja Rénovat, mfanyabiashara wa samaki mwenye kabare, yaani baa, huko Bujumbura. Ni akiwa amevaa jezi hiyo Mathieu alikuwa amezuia penalti ya mwisho, Bujumbura, na Rénovat alikuwepo uwanjani. Aliitaka.

"Nitaitundika mu kabare yangu, watu wote waione," alisema. "Weye, mama na watoto, nitawavusha na mutumbwi wangu leo leo. Na nyumba ya kulala nitawapa."

Milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Mitumbwi ilikuwa imeadimika. Mke wa Papa Onesphore, Mama Pélagie, ambaye tunaye hadi leo, alitusimulia alivyomwambia: "Baba Olga, mufu hasikii baridi. Watoto ndio wanasikia. Uza!"

Naye akajibu: "Iko ya Mathieu. Minye siwezi kuuza kitu cha mwenyewe."

Akapanda baiskeli.

Kabla ya kufika Luvungi kulikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha. Walimwaga mfuko wake chini.

"Namba moja!" mmoja akapiga kelele. "Kumbe iko ya mukubwa wenu! Anajificha wapi?"

"Hapana, chef. Iko maillot ya golikipa. Alikufa. Naenda kumuzika nayo."

Wakacheka. "Golikipa gani huyo, alishindwa kukamata risasi?"

Papa Onesphore hakucheka. Kiongozi wao akamwelekezea bunduki. "Kama iko ya mpira, vaa tuone. Ukivaa, unapita. Ukikataa, iko uniforme ya adui."

Wasikilizaji wapendwa, kuvaa tu. Kuvaa, kisha kupita. Hakuna mtu wa Nyamianda ambaye angeona. Mama Pélagie anasema mumewe alimwambia wazi kwamba alijikojolea pale. Lakini alikataa.

"Ya mufu haivaliwi, chef."

Kitako cha bunduki kikamvunja mkono wa kushoto. Wakati huo mwenzao mmoja, aliyelisikia vizuri neno mufu, akaiinua jezi kwa ncha ya bunduki na kumtupia. "Muache apite na mikosi yake!"

Akasukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Alipofika, udongo ulikuwa umeanza kumwagwa juu ya jeneza. Mama yake Mathieu akawasimamisha wenye makoleo. Akautazama ule mkono. Habari za Rénovat alikuwa amezisikia kwa muuza mihogo, aliyelala Uvira na kutangulia kwa gari asubuhi ile.

"Mwanangu," alisema, "Mathieu alikuwa anapenda watoto wako. Hawezi kukasirika. Rudi nayo, uuze, uwavushe."

Mama wa marehemu mwenyewe alimpa ruhusa. Papa Onesphore akatikisa kichwa, akapiga magoti, akaishusha jezi kaburini.

Aliporudi Uvira, Rénovat alikuwa amekwisha kuvuka ziwa. Vita viliingia Nyamianda. Familia ilikimbilia milimani kwa miguu. Huko Olga, mtoto wao wa kwanza, alishikwa na homa. Dawa haikupatikana. Olga alizikwa huko huko mlimani.

Nilimuuliza Mama Pélagie kama alimsamehe mumewe.

"Siku zingine ndiyo," alisema. "Siku zingine nilikuwa nampikia na simusemeshi. Kaburi la Mathieu liko na maillot. La Olga, hata jiwe hatukuacha."

Jumatano, kwenye maziko, wachezaji wa zamani walileta jezi mpya wamvalishe Papa Onesphore. Mama Pélagie akaizuia kwa mkono. "Amebeba vya watu vya kutosha," aliwaambia. "Muache aende mikono mitupu." Wakaikunja.

Mama Pélagie, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe Papa Onesphore, na Olga, na Mathieu. Sisi wa kipindi hiki hatujui kama alifanya vema, na hatutajifanya tunajua. Lakini wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako kuna jezi ukutani, au kombe, au picha ya timu, itazame usiku huu. Kisha watazame waliolala chini ya ukuta huo.