Ndege ya Daktari wa Meno

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

MAMA PACHA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Kama ni ile friji ya buchani, nimeshasema, gesi bado haijafika, msinipigie kila—

MAMA PACHA: Fundi! Ni mimi mkeo.

FUNDI: Mama Pacha! Wacha wee! Namba ndefu namna hii, nilijua matapeli. Ngoja nitoke nje, humu ndani unakatika. (mlango unafunguliwa) Haya. Sema. Mzima?

MAMA PACHA: Mzima. Wewe je?

FUNDI: Tunasukuma siku. Mbona leo? Wewe Jumapili hupigi.

MAMA PACHA: Napiga kwa simu ya mezani, ya Daktari. Wanakata laini leo. Nikaona kabla hawajaikata...

FUNDI: Pole tena, mama. Mzee wa watu. Walishamzika?

MAMA PACHA: Walimzika. Binti yake alikuja na gari, akachukua anavyovitaka, leo jioni anafuata funguo. Nyumba tupu. Nikikohoa inanijibu. Fundi, leo nimerusha ndege.

FUNDI: Umepanda ndege?

MAMA PACHA: Nime—

FUNDI: Uko uwanjani? Mwanamke wewe, mbona hukusema, hata nyumba sijafagia! Unafika saa ngapi? Niazime gari la—

MAMA PACHA: Hapana. Hapana, Fundi, sikiliza. Nimerusha. Ile ya mbao. Tuliyokuwa tunaitengeneza na Daktari.

FUNDI: Aa. Ile ndogo.

MAMA PACHA: Ile.

FUNDI: Aa. Sawa. Mtandao huu nao. Nilisikia vingine.

MAMA PACHA: Samahani.

FUNDI: Samahani ya nini? Masikio yangu hayo. Haya, nipe habari ya ndege. Kumbe iliisha? Mara ya mwisho ulisema mnahangaika na mbavu.

MAMA PACHA: Mbavu za bawa, ndiyo. Vijibao vile vyembamba, unavipanga kimoja kimoja juu ya mchoro, unavishika kwa pini mpaka gundi ikauke. Mbao yenyewe nyepesi, Fundi, ukiweka kiganjani hujui kama umeshika kitu. Ukipumua vibaya imevunjika.

FUNDI: Na mzee mwenyewe ameketi tu?

MAMA PACHA: Mikono yake si ilikuwa inatetemeka. Alinunua lile boksi la vipande vya ndege zamani, bado anang'oa watu meno. Akasema nikistaafu nitaitengeneza. Kastaafu, mikono ikaanza. Boksi likakaa juu ya kabati mpaka siku nafuta vumbi, nikamwuliza, Daktari, hii ni nini?

FUNDI: Umbea wako huo ndio ulikuponza.

MAMA PACHA: Ndio ulinisaidia. Wewe unajua mchana wa huku unavyokuwa? Nimemwogesha, nimemlisha, nimempa dawa. Baada ya hapo, saa ya ukutani tu. Tulikuwa tunakaa watu wawili tunaisikiliza saa.

FUNDI: Hm.

MAMA PACHA: Basi ile meza ikatuokoa. Yeye na miwani yake, mimi na kiwembe. "Kushoto. Kidogo. Umezidisha." Maneno mengine hakuwa nayo. Siku nikipatia, ananiambia, "Suuza." Kama mgonjwa amemaliza.

FUNDI: (anacheka) Suuza!

MAMA PACHA: Basi nami nacheka peke yangu. Yeye hacheki.

FUNDI: Haloo? Umekatika hapo. Hacheki nini?

MAMA PACHA: Si kitu. (mtandao unakwaruza) Unanisikia?

FUNDI: Nakusikia sasa. Mkia je? Ulisema mkia ndio mgumu.

MAMA PACHA: Sikukuambia habari ya mkia.

FUNDI: Niambie basi.

MAMA PACHA: Mkia una vipande viwili, kimoja kinalala, kingine kinasimama juu yake. Lazima kisimame wima kabisa. Kikiegemea, ndege itakuwa inavuta upande mmoja maisha yake yote. Tukapaka gundi, nikakishika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Usiachie mpaka nikuambie."

FUNDI: Eh.

MAMA PACHA: Nikashika.

FUNDI: Eh, halafu?

MAMA PACHA: Nikashika, Fundi. Yeye yuko nyuma yangu, kwenye kiti chake. Sikugeuka, maana nikigeuka mkia unahama. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nikasema moyoni, leo mzee ananipima. Halafu nikasema, ah, amesinzia, nimwache. Jua likatoka mezani, likapanda ukutani. Nikamwita taratibu. "Daktari, bado?"

FUNDI: (kimya)

MAMA PACHA: "Daktari, bado?"

FUNDI: Ya Rabi. Mama Pacha. Ndiyo siku hiyo?

MAMA PACHA: Ndiyo siku hiyo.

FUNDI: Uliniambia alifia usingizini.

MAMA PACHA: Si ndiyo usingizini? Miwani ilikuwa puani bado.

FUNDI: Na uliponipigia ulikuwa unaongelea mambo ya hospitali na gari la kumchukua, nikasema huyu yuko imara. Mimi nikakuambia, kaza moyo, nina mteja.

MAMA PACHA: Ulikuwa na mteja kweli.

FUNDI: Mteja gani! Feni tu ile.

MAMA PACHA: Haidhuru. Basi. Binti alipokuja nikamwonyesha, nikamwambia, hii ni ya baba yako. Akasema, "Hapana, hiyo itakuwa yako, baba hakuwa na michezo ya hivyo." Alikuwa hajui, Fundi. Kila wiki anampigia, anamwuliza umekula, umelala, dawa umekunywa. Mzee naye anajibu anachoulizwa.

FUNDI: Hm. Watoto.

MAMA PACHA: Pacha wamepiga?

FUNDI: Wana kazi zao. Endelea na ndege.

MAMA PACHA: Nikaimalizia mwenyewe. Mabawa unayavisha nailoni, halafu unapitisha pasi juu yake, inajikaza. Hapo nikajisikia niko cherehanini kwangu. Ingawa nilitoboa.

FUNDI: Ulitoboa wapi?

MAMA PACHA: Bawa la kulia, chini. Nikatia kiraka. Na pua ilikuwa nyepesi, ukiiinua kwa vidole viwili inakaa matako chini. Inataka uzito mbele. Nikabandika vifungo vya koti lake ndani ya pua, vile vya chuma. Koti lenyewe binti alishalitia kwenye mfuko wa kutupa. Ikalala sawasawa.

FUNDI: Fundi ndege! Umeondoka hapa mshonaji.

MAMA PACHA: Acha zako. Basi leo nikaibeba mpaka nyuma ya maghala, kuna barabara ya lami, Jumapili haina magari. Nikaiweka chini. Nikawasha. Fundi, mikono ilinitetemeka mimi sasa. Nikasukuma kijiti cha rimoti, propela ikalia, ikaondoka, ikayumba, nikasema inapinduka hii, inapin— ikanyanyuka.

FUNDI: Yenyewe!

MAMA PACHA: Yenyewe! Ikapita juu ya uzio. Ikapita juu ya mapaa. Jua linapenya kwenye mabawa, mbavu zote unaziona, kila moja, nikawa nazitambua. Ile niliivunja nikaiunga. Ile aliniambia nimezidisha. Nikaizungusha, ikakubali. Nikaizungusha tena.

FUNDI: Wacha wee! Na watu wakatoka?

MAMA PACHA: Watu gani? Mlinzi wa ghala alitoa kichwa dirishani, akatazama, akarudisha kichwa.

FUNDI: Basi?

MAMA PACHA: Basi. Nami nikageuka nimwambie mtu, "Umeona?" Nimeshafungua mdomo, Fundi. Hakuna mtu.

FUNDI: Ungenipigia.

MAMA PACHA: Nimekupigia.

FUNDI: (mtandao unakwaruza) Ikashuka salama lakini?

MAMA PACHA: Kushuka sikufundishwa. Tulikuwa hatujafika huko. Nikawa naizungusha tu, naizungusha, naogopa kuiteremsha. Shingo ikauma. Nikasikia sauti inapungua, betri inaisha, nikazima mota, nikasema liwalo na liwe. Ikaja polepole, ikagusa lami, ikadunda, ikajitupa majanini. Gurudumu moja limechomoka. Niliketi pale barabarani, kwenye lami, nimeipakata. Sijui kwa muda gani. Mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

FUNDI: Ukamjibu nini?

MAMA PACHA: Nikamwambia namsubiri mwenzangu.

FUNDI: (kimya)

MAMA PACHA: Upo?

FUNDI: Nipo. Kuna pikipiki inapita.

MAMA PACHA: Siisikii.

FUNDI: Imeshapita.

MAMA PACHA: Wakala wa kazi amepiga. Kuna bibi mwingine wa kutunzwa, mji wa mbali kidogo, ghorofani. Wanataka jibu kesho asubuhi.

FUNDI: Aa. Mkataba kama huu?

MAMA PACHA: Kama huu. Mrefu.

FUNDI: Hm. Bibi, eh? Bibi labda nafuu, mwanamke mwenzako. Si mkorofi?

MAMA PACHA: Hawajui. Ndiyo kwanza wamempata.

FUNDI: Aa. Mradi pawe na joto ndani. Mwaka ule kifua kilikusumbua.

MAMA PACHA: Unasemaje, Fundi?

FUNDI: Nasema pawe na joto.

MAMA PACHA: Nimekuuliza.

FUNDI: Hujaniuliza. Umeniarifu.

MAMA PACHA: Basi nakuuliza.

FUNDI: Mimi nitasema nini, Mama Pacha? Wewe ndiye uliye huko. Nikisema hivi utaona nakubana, nikisema vile utaona... Haloo?

MAMA PACHA: Nipo.

FUNDI: Kumekuwa kimya.

MAMA PACHA: Nakusikiliza.

FUNDI: (anakohoa) Hiyo ndege. Kwa huyo bibi utaiweka wapi?

MAMA PACHA: Haina pa kukaa. Chumba ni cha kitanda tu, wamesema.

FUNDI: Si mabawa yanatoka?

MAMA PACHA: Linatoka, limefungwa kwa mipira. Ila ni bawa moja zima, huku mpaka huku.

FUNDI: Refu kiasi gani?

MAMA PACHA: Kwa nini?

FUNDI: Nauliza tu. Tepu iko mfukoni hapa.

MAMA PACHA: Nikilisimamisha linanifika begani.

FUNDI: Begani kwako. Basi sihitaji tepu, begani kwako ni pale kwenye swichi ya chumbani. Ngoja. (mlango) Ngoja niingie. Unanisikia?

MAMA PACHA: Unakatikakatika.

FUNDI: Juu ya kabati... hapana, ukuta unakataa. Nyuma ya mlango litagongwa. Labda kitandani, upande wako, mpaka nipigilie rafu ukutani.

MAMA PACHA: Upande wangu si uko wazi.

FUNDI: Hauko wazi.

MAMA PACHA: Unasemaje?

FUNDI: Nimesema hauko wazi sana.

MAMA PACHA: Fundi. Kuna nani upande wangu?

FUNDI: Nani! Hakuna nani! Kompresa za friji. Tatu. Na mota ya feni.

MAMA PACHA: Umelaza kompresa kitandani?

FUNDI: Nimezifunika.

MAMA PACHA: Karakana nzima unayo!

FUNDI: Karakana ina nafasi, ndiyo. Kitanda kilikuwa kinazidi kuwa kikubwa, Mama Pacha. Ukigeuka unaangukia baridi. Sasa hizo, usiku ukinyoosha mkono, unagusa kitu.

MAMA PACHA: (kimya)

FUNDI: Unacheka?

MAMA PACHA: Sijui.

FUNDI: Cheka tu. Hata mimi nikiziangalia mchana nacheka.

MAMA PACHA: Tangu lini?

FUNDI: Tangu... ah, yaache hayo.

MAMA PACHA: Ziondoe.

FUNDI: Eh?

MAMA PACHA: Ziondoe hapo, Fundi. Wakala nitampigia mwenyewe kesho. Bibi wa watu atapata mwingine. Ndege siitii kwenye mizigo, wataivunja, nitaipakata kwenye kiti.

FUNDI: Ndege ndani ya ndege? Watu watakushangaa!

MAMA PACHA: Washangae. Nataka uione ikiruka, na mimi nikuambie "umeona?" na wewe uniambie— Ah! Kengele. Huyo binti amefika. Ananigongea.

FUNDI: Muache agonge! Sema tena hapo katikati, palikwaruza. Umesema kesho nini? Wakala unamwambia—

MAMA PACHA: Namwambia hapana! Lazima nifungue, funguo zote ninazo mimi. Na hilo shuka ulifue, litakuwa limejaa grisi, ulifue kwa maji ya moto, usilete uvivu wako wa—

FUNDI: Nitafua! Mama Pacha? Na gurudumu usilitupe, njoo nalo, nitalitia mimi. Umesikia? Haloo?

(mlio wa laini iliyokatika)

FUNDI: Haloo? Haloo? Nasema nitafua. (chuma kizito kinagonga sakafu) Hiyo moja.